Paka Aliyemtisha Kipa

Katika ploti yetu yote hapa Kayole hakukuwa na mtu aliyewahi kuushika ujanja wangu. Kila siku nikitoka shule nilipanda hadi kwenye paa, wapangaji wanapoanika nguo, nikatandika vitambaa viwili vya rangi za timu mbili. Paka wetu, Refa, alinusa, akazunguka, akakaa juu ya kimoja. Timu aliyoikalia, watoto walisema, ndiyo itakayoshinda. Na mara nyingi ilishinda. Hawakujua kwamba nilikuwa nikisikiliza wazee kwa kinyozi wakichambua mechi, kisha kile kitambaa cha timu waliyoisifu nikikipaka maji ya omena, wale dagaa ambao Refa aliwapenda.

Alhamisi nikaamua kumtania rafiki yangu Hanif, kipa wetu. Jumamosi tulikuwa na fainali dhidi ya Majengo, na mwalimu wa shule moja ya upili angekuja kuchagua kipa wa kusoma kwao bila karo. Hanif hakuwa na njia nyingine ya kuendelea na masomo. Nikapaka omena kitambaa cha Majengo. Refa akakikalia.

"Kwisha wewe," nikamwambia. "Jumamosi kazi yako ni kuokota mipira wavuni."

Watoto walicheka. Hanif alimtazama Refa, na Refa akamtazama bila kupepesa macho.

Kesho yake hakuja mazoezini. Nilimkuta mlangoni kwao, chakula kimepoa mapajani.

"Nayaota yale macho," alisema. "Sichezi. Tafuteni kipa mwingine."

"Wacha zako, Hanif. Ni paka tu."

"Paka gani huyo asiyekosea?"

Nikaona nirekebishe mambo kimyakimya. Nikatangulia kwenye paa, nikakilowesha omena kitambaa chetu, ndipo nikamwita Hanif. Upepo ulikuwa umezijaza shuka zikasimama kama watu wasio na vichwa. Refa alifika kwenye kitambaa chetu, akakipita bila hata kukinusa. Akaenda moja kwa moja upande wa kitambaa cha Majengo, karibu na tangi la maji, akageuka kunitazama mimi. Kisha nyuma ya tangi kitu kikalia, sauti nyembamba kama ya mtoto mchanga aliyefungiwa.

Hanif alinishika mkono. Na mimi, bwana mipango, nikajificha nyuma yake. Kama si mimi niliyemwongoza paka huyu, ni nani?

"Mnatetemeka nini?"

Alikuwa Bibi Mwanasiti, nyanya yake Hanif, na beseni la nguo. Alituvuta hadi nyuma ya tangi, akainua gunia. Vitoto vya paka, macho hayajafunguka, vinalia njaa.

"Refa wenu kazaa leo asubuhi," alisema. "Mpira haumhusu. Anawahi kunyonyesha."

Hanif alicheka mpaka akakaa chini. "Kesho nadaka, Bibi."

Nami sauti ikanirudia ghafla. "Si nilikwambia ni paka tu? Wewe unaamini kila kitu."

Bibi alianua shuka, akaikunja taratibu. "Alikuamini wewe, Musau, si paka. Mtu akikuamini hivyo, usimdanganye hata kwa mzaha. Ungemnyima shule huku unacheka. Mwambie mwenyewe."

"Nimwambie nini, Bibi?"

"Jana nilikuwa hapa hapa, nyuma ya shuka zangu. Nilikuona na kikombe cha omena."

Hanif aliacha kucheka. Akasimama.

"Omena gani, Musau?"