Matundu Manne kwenye Mbao

Saa kumi na dakika kumi gari lililoshinda lilipandishwa kwenye mizani, likakutwa limepungua kilo thelathini. Mkaguzi, ambaye madereva wote humwita Mama Mizani, akainama chini ya kiti. Bamba la chuma halikuwepo. Palikuwa na mbao iliyopakwa rangi ya kijivu, yenye matundu manne na boliti mbili.

Kanuni yenyewe haina mafumbo: aliyeshinda mbio zilizopita hubebeshwa bamba la kilo thelathini ili wenzake wasiachwe mbali. Ndiyo maana magari hufika mwisho yakikaribia kugusana. Anayelitoa bamba hufungiwa miaka mitano.

"Miaka mitano, Mama!" Dereva, binti wa miaka ishirini na mitatu, akapaza sauti. "Nitaendesha nini, toroli?"

Mama Mizani akamgeukia fundi wa gari hilo, ambaye ni kaka wa tumbo moja wa binti huyo. "Mchana ulikuwa wapi?"

"Saa sita hadi saa saba nilikwenda kula. Karakana niliiacha wazi."

"Wazi?"

"Hilo kosa langu. Lakini dada yangu nimponze ili iweje?"

Mshindi wa pili akacheka. Bado anaitwa Bingwa kwa kombe la mwaka jana, ingawa mwaka huu hajashinda hata mara moja. "Mchuma janga hula na wa kwao. Nipeni kombe niende zangu."

Mama Mizani alikereka. Kila fundi anajua kwamba mshindi lazima apimwe. Mwizi gani hujipeleka mwenyewe kituoni? Akaitazama mbao tena.

"Fundi, bamba hufungwa kwa boliti ngapi?"

"Mbili. Kanuni mpya ya mwaka huu."

"Aliyechonga hii alitoboa manne. Bingwa, mwaka jana zilikuwa ngapi?"

"Nne," akajibu upesi.

"Kati ya waliopo hapa, ni wewe tu uliyelibeba mwaka jana. La mwaka huu hujawahi kufungiwa. Fungua buti la gari ulilokuja nalo."

Bamba lilikuwa humo, limefunikwa kwa turubai.

"Mwaka mzima naziona taa zake za nyuma," Bingwa akasema. "Mita mbili, tatu! Angeniacha mbali, ningekata tamaa mapema nikapumzika."

Bingwa akafungiwa, kombe likaenda kwa wa tatu.

"Na mimi?" binti akauliza.

"Hufungiwi. Ila gari lilikuwa jepesi, ushindi wako umefutwa."

Akalia waziwazi, bila aibu. Kisha akafuta pua kwa kiganja. "Kwa hiyo mbio zijazo sibebi bamba?"

"Hubebi. Hukushinda."

"Basi waambie wajiandae."