Mchanga Chini ya Zimwi

Kila siku baada ya kipindi cha mwisho, sisi wa klabu ya sanaa ya shule yetu hapa Gungu tulibaki darasani tukiunda askari wa plastiki. Mgeni mmoja aliyefanya kazi na wakimbizi alituachia alipoondoka: mashujaa wenye mashoka na mazimwi yenye pembe, kila mmoja mdogo kama kidole gumba. Walikuja vipande vipande. Tulivikata kwa kikata kucha, tukavikwangua kwa wembe, tukavigandisha kwa gundi na kuvipaka rangi. Mwisho askari husimamishwa juu ya kitako cha duara, nacho hupakwa gundi na kumwagiwa mchanga ili kionekane kama ardhi.

Aliyetushinda wote kwa kupaka rangi ni Ella, aliyevuka mpaka kutoka Burundi na shangazi yake mwaka ule watu walipoanza kukimbia tena. Mboni ya jicho la zimwi aliichora kwa ncha ya mwiba. Wazazi wangekuja Ijumaa kuona kazi zetu, na Mwalimu Skolastika alisema Ella ndiye atakayewaeleza.

Hilo lilimkera Yunisi, kiongozi wetu, ambaye yeye alipewa kazi ya mchanga. "Uuoshe mara tatu, uuanike, ndipo uuchekeche," Mwalimu alimwambia. Yunisi aliuleta mapema kuliko tulivyotarajia. Tukaumwaga juu ya gundi, tukawapanga askari ndani ya boksi, tukalifunika, tukaenda zetu mapumziko ya mwisho wa wiki.

Jumatatu darasa lilikuwa linanuka. Sisemi kunuka kidogo. Ilikuwa harufu ya kitu kilichooza, inakaa kooni, hata ukimeza mate unaona umeimeza na yenyewe. Yunisi tulimkuta ndani tayari. Alibana pua akamtazama Ella.

"Hawa wakimbizi wanalala wangapi chumba kimoja? Unadhani maji ya kuoga wanayapata wapi?"

Wengine wakacheka, wakasogeza madawati yao. Mimi nilikuwa nahangaika nisitapike. Ella alinusa mkono wa sare yake, akatoka kwenda bombani. Kesho yake alikuja ananukia sabuni, nywele zimelowa, na darasa likanuka vilevile. Yunisi akasema hata sabuni imeshindwa.

Jumatano Ella hakuja. Harufu ilikuja.

"Sasa leo ni nani?" nilimuuliza Yunisi. Aliinama akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Nilifuata nzi mpaka kwenye boksi letu, nikafunua. Mabuu meupe yalikuwa yanatoka chini ya miguu ya zimwi la Ella, yanapanda paja lake na kujipenyeza kwapani. Ndani ya mchanga kulikuwa na vichwa vya dagaa na matumbo yaliyogeuka uji. Nilikimbilia dirishani.

Mwalimu alipoingia, alitazama boksi, kisha akamtazama Yunisi. "Mchanga huu umetoka wapi?"

"Mwaloni, Madamu. Pale ufukweni wanapoanika dagaa."

"Uliuosha?"

"Hapana. Nilichoka, nikaona hakuna atakayejua."

"Na wewe ulijua lini kwamba mchanga unanuka?"

"Jumatatu asubuhi. Nilifungua boksi kabla wenzangu hawajaingia."

Alijua, na bado akabana pua akimtazama mwenzake. Yale mabuu niliyaona afadhali.

Mwalimu alitupeleka, Yunisi na mimi, hadi nyumbani kwa kina Ella. Shangazi yake, Mama Manariyo, alipokea shikamoo zetu kwa uchovu. "Tangu asubuhi anaoga," alisema. "Namkataza, hasikii."

Ella alitokea nyuma ya nyumba. Mikono yake ilikuwa myekundu, ngozi imechubuka kwa jiwe la kusugulia miguu. Alisimama mbali, mgongo umegusa ukuta.

"Msinisogelee," alisema.

"Si wewe, Ella," Yunisi alisema huku analia. "Ni mchanga wangu. Nami nilijua."

"Tangu Jumatatu?"

"Tangu Jumatatu."

Ella alificha mikono nyuma, akatazama chini.

"Yunisi," Mwalimu alisema, "vitako vyote utavikwangua mwenyewe, na mchanga mpya utauosha mbele yangu. Hiyo ni kazi ya alasiri moja, itakwisha. Lakini tazama mikono ya mwenzako. Uvivu wako ungeishia kwenye boksi kama ungesema mapema. Ulinyamaza, ukamtwika mwingine, naye akajichuna ngozi akitafuta uchafu ambao hakuwa nao. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kosa likiwa bado ni lako."

Yunisi alikwangua vitako mpaka kucha zikaingia uchafu, akatapika mara mbili, akarudi kukwangua. Hakuna aliyemsaidia, na Mwalimu hakutuomba.

Ijumaa Ella aliwaeleza wazazi jinsi zimwi linavyoundwa, kuanzia kipande cha kwanza hadi mchanga. Jua lilikuwa kali, naye alivaa sweta la mikono mirefu. Yunisi alisimama kando yake, bega kwa bega, mpaka wageni wote wakaondoka.