Makelele ya Ghaliya

"Huyo paka umemuua mwenyewe, au umemkuta keshakufa?"

Ghaliya hakusikia. Alikuwa na hedifoni kubwa masikioni, zimekaa juu ya mtandio wake wa kijani, na mkononi alishika fimbo ndefu ambayo nchani ilikuwa na maiki iliyovikwa manyoya ya kijivu ya kuzuia upepo. Fimbo aliielekeza kwenye lori la vitunguu, wapakuzi wanarusha magunia na magunia yanatua dofu, dofu, juu ya saruji. Soko la Mawaleh, soko la mboga na matunda huko Omani, lilikuwa ukingoni mwa siku zake. Lilikuwa linahamishwa lote kwenda nje ya mji, na Ghaliya alizitaka sauti zake kabla hazijatawanyika: matoroli yenye magurudumu mabovu, madalali waliokauka koo, malori ya barafu yanayonguruma yakiwa yamesimama.

Mwanamme yule akasogea mpaka mbele ya manyoya, akainama, akasema tena, safari hii taratibu. "Dada. Nnauliza habari za paka."

Sauti ikamwingia Ghaliya masikioni, nzito na ya karibu, kama imesemwa ndani ya kichwa chake. Akavua hedifoni.

"Umeniharibia," akasema.

"Nimeharibu nini?"

"Vitunguu vyangu. Vilikuwa vinakwenda vizuri kabisa."

Mwanamme akacheka. Alivaa kanzu ya dishdasha ya rangi ya maziwa, mikono kaikunja, vumbi la tangawizi limemkaa mpaka kwenye kope, na kofia yake ya nyuzi za buluu imelalia upande. Jina lake Loay. Alikuwa akileta tangawizi na maparachichi kutoka Tanzania, kazi aliyoachiwa na babake.

"Wa televisheni wewe?"

"Hapana. Mie napima masikio ya watu, kliniki, Qurum. Hizi sauti nnazichukua kwa ajili yangu."

"Kwa hivyo wiki nzima unapima masikio, ukipumzika unakuja kusikiliza vitunguu."

"Na maparachichi, kama unayo."

"Parachichi halina sauti, bibie."

"Ushawahi kulisikiliza?"

Loay akamwangalia kuona kama anafanya mzaha. Hakuwa anafanya mzaha. Basi akampeleka kwenye chumba chake cha baridi, mlango ukaachwa wazi, wapakuzi wanaingia na kutoka. Ghaliya akatoa kimaiki kidogo bapa mfano wa sarafu, akakibandika kwenye ukuta wa bati, akampa Loay hedifoni. Loay akasimama pale na kofia yake imebonyea, macho kayakaza sakafuni. Ule mngurumo aliouzoea tangu mdogo ulikuwa na tumbo, ulikuwa na koo, na chini yake kitu kilikuwa kinapiga kama moyo.

"Kumbe inalia," akasema.

Ghaliya akabandua kimaiki chake. Alipoulizwa nambari yake ya simu, aliitoa.

Wakawa wanapigiana simu kila baada ya Isha. Aliposikia kwamba babu yake Ghaliya alikuwa na duka Tabora, Loay alicheka, akasema mamake yeye mzaliwa wa Ujiji, kwa hivyo huenda babu zao walidhulumiana.

"Leo umenasa nini, roho yangu?"

"Kompresa ya eisii ya jirani. Inakaribia kufa, ina sauti nzuri."

"Masikini jirani. Yeye anatafuta fundi, wewe unataka ife taratibu."

"Na wewe leo umesikia nini?"

Hilo ndilo swali alilomzoesha. Mwanzo Loay alikuwa hana jibu. Halafu akaanza kuwa nalo: kamba ya lori inavyolia ikikazwa, sauti ya kisu kwenye tangawizi mbichi. Ghaliya alilala akitabasamu.

Alimsimulia habari za Japani wakiwa garini, ufukweni Sib, kila mmoja na kikombe chake cha chai ya karak. Alipelekwa Osaka mwaka mzima kwa masomo ya sauti. Mwalimu wao, bibi mmoja mwenye mvi, aliwapeleka msituni kunasa mvua ikidondoka kwenye mianzi, akawakalisha kimya mpaka miguu ikafa ganzi. Halafu jioni moja wenzake wakamteremsha ngazi za ukumbi ulio chini ya ardhi. Mbele alisimama mtu wa makamo, suti ya ofisini, mezani ana visanduku vya nyaya na kipande cha bati. Muziki ule Wajapani wanauita noizu. Hauna wimbo, hauna ngoma.

"Alipowasha, nilidhani jengo linaanguka," Ghaliya akasema. "Watu wa mbele wamefumba macho kama wanaogeshwa."

"Ukakimbia?"

"Nikalia. Si kwa huzuni. Tangu mdogo naambiwa, Ghaliya, hicho kicheko gani, Ghaliya, unaongea kama uko shamba. Nimekuwa mkubwa nnajibana koo. Pale hakuna aliyemwambia mtu apunguze kitu. Nikajua kuwa mimi si mgonjwa."

Tangu aliporudi alikuwa akitengeneza noizu zake mwenyewe. Huchukua sauti za mafuriko ya wadi, yale makorongo makavu yanayojaa mvua ikinyesha, za kompresa, za mitambo ya kuchimba barabara, akazipitisha kwenye visanduku vyake mpaka zikawa dhoruba. Siku ile alimwekea Loay moja kwenye spika za gari. Loay akavumilia mpaka mwisho, mkono umeshika usukani.

"Ni kama kuosha gari na madirisha yako wazi," akasema.

"Umeipenda?"

"Sijui. Lakini iweke tena."

Hapo Ghaliya akajua kwamba amekwisha.

Loay akamwambia mamake kuwa anataka kuoa. Bi Shariffa alifurahi mpaka alipotajiwa jina, kwa sababu video ya Ghaliya ilikwisha kufika kwenye simu yake kupitia magrupu ya akina mama: msichana ndani ya abaya nyeusi, kainamia meza, anasugua bati kwa msumari na spika zinapiga mayowe. Chini yake mtu kaandika, mwombeeni, keshapandwa na shetani.

"Mama ana wasiwasi kidogo," Loay alimwambia Ghaliya kwenye simu. "Niachie mie."

Akamwachia.

Siku soko lilipofungwa, Ghaliya alitega kinasa sauti ndani ya chumba cha baridi, anase mitambo inavyozimwa kwa mara ya mwisho. Mwenyewe akaenda upande wa pili kurekodi mabati yanayobomolewa. Loay alijua kuwa kinasa kipo. Alisahau.

Ghaliya akasikiliza nyumbani, chumbani kwake, mlango kaufunga. Mngurumo ukashuka, ukakohoa, ukanyamaza. Katika kimya kile ikaingia sauti ya Loay, safi, bila hata chembe ya vumbi, anaongea na simu.

"Mama, nisikilize. Yale makelele mambo ya usichana tu. Akishaingia kwangu yatakwisha, mimi mwenyewe nitayakata. Wewe peleka posa."

Kwanza alihisi baridi, kama yumo mle ndani na maparachichi. Halafu akarudisha nyuma akasikiliza tena, akitafuta mzaha ndani ya ile sauti. Hakuupata.

Simu za Loay hakuzipokea. Alipopokea, alikuwa mkavu.

"Habibti, nimekosa nini?"

"Alkhamisi baada ya Magharibi nna onesho Qurum, pale ukumbi wa sanaa. Njoo. Utasikia."

Loay alikuja kavaa vizuri, dishdasha nyeupe imepigwa pasi, kilemba cha zambarau, udi unamtangulia. Kwa fahari yake akaleta na marafiki wawili wa sokoni. Ghaliya aliwaona, na hakubadilisha kitu. Alivaa abaya ya kitani yenye mikono mifupi kidogo kuliko kawaida, ili isinase kwenye nyaya.

Akaanza na vitunguu. Yakafuata matoroli, madalali, kisha chumba cha baridi, mngurumo umejaa ukumbi mpaka vikombe vinatetemeka. Akauzima. Kimya. Ndani ya kimya, sauti ya Loay peke yake: *mimi mwenyewe nitayakata.*

Wale marafiki waligeuka wakamtazama, kisha mmoja akaziba mdomo asicheke. Ghaliya akalishika lile neno, *nitayakata*, akalipitisha kwenye kisanduku, akalisaga, akalirundika juu ya lenyewe mpaka likawa ukuta wa kelele usio na tundu. Watu wa viti vya nyuma wakatoka vidole vimo masikioni. Yeye hakupunguza. Jasho linamtiririka chini ya mtandio, mikono inajua inachofanya, na kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka Osaka hakujibana popote.

Loay hakutoka. Alisimama mpaka spika zilipozimwa, kisha akaja mezani.

"Umenifedhehesha."

"Wewe umeniuza."

"Nilitaka mama akubali tu. Mengine tungeyatengeneza baadaye."

"Ulimwahidi kitu kisichokuwa chako, Loay."

"Na sauti yangu?" akauliza, taratibu. "Sauti yangu ilikuwa yako?"

Ghaliya akaanza kukunja nyaya. Loay akatoka, udi wake ukabaki.

Zikapita wiki za kiburi. Ghaliya alipima masikio ya watu, akawawekea vifaa vya kusikilizia, akarudi nyumbani Sib na asiguse hata waya mmoja. Msellem, kaka yake, ambaye ndiye aliyebaki kuwa walii wake wa kumuozesha tangu baba yao alipofariki, alimuuliza kama yule wa tangawizi bado yupo. "Hayupo," akasema, akaanza kuondoa vyombo. Hakujutia ukuta ule wa kelele. Lile swali la Loay ndilo lililomsumbua. Yeye aliyefundishwa kusikiliza alikuwa amemnyang'anya mtu sauti yake na kuitandaza mbele ya rafiki zake.

Mwisho akapiga simu yeye.

"Nisikilize kwanza," akasema. "Sauti ilikuwa yako nikaichukua bila ruhusa. Kwa hilo nisamehe, na ile kazi sitoipiga tena popote. Lakini kwa makelele yangu siombi radhi. Sitoyaacha, si kwako wala kwa mtu yeyote."

Loay akasema, "Nimeshamwambia mama."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba nilimdanganya. Kwamba hutoacha, na mie sitokuomba uache. Nilikaa na lile neno langu siku nyingi, Ghaliya. Baya. Lilisikika baya hata kabla hujalisaga."

"Akasemaje?"

"Hanisemeshi. Ananipikia, lakini sahani anaisukuma kwa kidole."

Ghaliya akajikuta anacheka, machozi yanamtoka. "Basi nnakuja mwenyewe."

"Usije. Atakula nyama yako."

"Mwambie nnakuja Ijumaa."

Bi Shariffa alikuwa mama mfupi, mnene, kanga ya kujitanda nyumbani na miwani ya dhahabu. Alimpokea ukumbini kwake Mawaleh bila kuinuka. Loay akaamriwa kwenda kununua mkate usiohitajika.

"Shikamoo, Bi Shariffa."

"Marhaba. Wewe ndiye wa makelele."

"Ndiye mimi."

"Na unakuja nyumbani kwangu peke yako, bila ya mtu wako."

"Nimekuja nikwambie kwa mdomo wangu, usije ukasema ulidanganywa mara ya pili. Nnampenda mwanao. Makelele sitoyaacha."

"Watu watasema."

"Wameshasema. Ile video wameitembeza wao, mie sikumpelekea mtu."

"Na ukizaa? Mtoto atalala vipi?"

"Nafanya kazi na hedifoni. Sebuleni kwangu hutosikia kitu. Siku za onesho ndio nnafungua."

Bi Shariffa akavua miwani, akaipangusa kwa pembe ya kanga, akaivaa tena. "Mie sipendi. Nimeisikiliza ile, nikaumwa na kichwa hadi alasiri."

"Sikuja ili upende."

"Umekuja kunijibu."

"Nimekuja kukuheshimu, bibi. Ningekuwa sikuheshimu ningekwambia nitaacha, halafu nisiache."

Bi Shariffa akavuta birika la kahawa.

"Huyu Loay hajanikatalia neno tangu azaliwe," akasema. "Juzi kanikatalia, kasimama pale pale ulipokaa. Sijui nikufukuze au nikushukuru."

"Nifukuze, lakini ninywe kahawa kwanza."

Mdomo wa Bi Shariffa ukachezacheza upande mmoja. Akamimina. "Posa nitaleta. Kwenye hayo mambo yako usinialike."

"Sitokualika."

"Na usimfunze mwanangu."

"Huyo keshafunzika," Ghaliya akasema, akanywa.

Ndoa ikafungwa nyumbani kwa Msellem, Sib, baada ya sala ya Alasiri. Wanaume walijaa majilisi, ukumbi wa wageni. Ndani wanawake walijaa hariri na uvumba. Ghaliya alikaa kati yao kavaa gauni la kijani la Kiomani lenye nakshi za fedha, hina imempanda mpaka viwiko. Shekhe akaja mlangoni na mashahidi wawili na Msellem, akamuuliza kama ameridhia kuozeshwa kwa Loay.

"Nimeridhia," Ghaliya akasema. "Kwa sharti."

Minong'ono ikazimika. Msellem akatazama dari. Alikuwa ameambiwa mapema, na alikuwa ameomba Mungu dadake abadilishe mawazo.

"Ni haki yako, binti yangu," shekhe akasema. "Sharti gani?"

"Asinizuie kazi yangu ya sauti, nyumbani wala nje, wala asimwahidi mtu kuwa nitaiacha."

Shekhe akashika kalamu, akasita. "Kazi ya sauti. Kama vile... qasida?"

Shangazi mmoja akakohoa. Ndipo Bi Shariffa, aliyekaa karibu na mlango kajikunyata ndani ya buibui lake jipya, akanyoosha shingo.

"Makelele, shekhe," akasema. "Andika makelele, asije mtu kesho akasema hakufahamu."

Shekhe akamtazama, akamtazama bibi harusi, akaandika. Wakarudi majilisi. Wanawake wakatega masikio wote, hakuna bangili iliyolia, na kupitia ukutani wakaisikia sauti ya Loay, ya juu, ya kusudi, ifike mpaka kule ndani:

"Nimekubali kumuoa, na nimekubali makelele yake."

Vigelegele vikalipuka, vikali, vinapishana, vinagonga kuta na madirisha. Ghaliya akacheka kwa koo lake lote. Karibu na mlango, Bi Shariffa alikuwa ameziba masikio kwa viganja viwili, naye anacheka.