Upepo wa Lodwar

Kila asubuhi, kabla ya kengele, nilikuwa na kazi moja ambayo singempa mtu mwingine hata kwa kubembelezwa. Nilisimama chini ya mlingoti wa shule yetu hapa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, nikatazama kitambaa chekundu kilichofungwa juu, nikalinganisha na alama za dira zilizochorwa chini kwa rangi, kisha nikaandika daftarini upepo wa saa hiyo. Saa nane mchana nilirudi tena. Ilikuwa mwaka 2013, nami nilikuwa darasa la saba. Wenzangu waliniita Mama Upepo. Nilijifanya kuudhika, lakini jina lenyewe nililipenda sana.

Kazi hiyo nilipewa na Mwalimu Kipngeno, aliyehamia kwetu Januari kutoka Bomet.

"Akuol, daftari hili lina kazi mbili," aliniambia. "Utalipeleka Lodwar kwenye maonyesho ya sayansi. Tena litatuonyesha mahali pa kujenga jiko jipya, maana lile la zamani lilibomolewa na mafuriko. Moshi wa kuni lazima uende mbali na madarasa."

Darasa la pembeni kabisa lilikuwa la tatu, na humo ndimo alimosoma mdogo wangu Kon. Kon ana pumu. Moshi kidogo tu, kifua chake kinaanza kupiga mluzi, na Mama anabaki kushika kichwa. Kwa hiyo daftari lile sikulifanyia mchezo. Siku arobaini, sikukosa hata moja.

Alhamisi ya wiki ya mwisho, Mwalimu alitufundisha habari za upepo.

"Jua likiipasha ardhi joto, hewa iliyo juu yake huwa nyepesi, ikapanda," alisema huku akichora mpira wa dunia ubaoni. "Hewa ya mahali penye ubaridi hukimbilia kuijaza nafasi ile. Mbio hizo ndizo upepo. Sasa tazameni dunia nzima. Hapa kwenye ikweta joto ni kali, hewa inapanda. Huko juu inaelekea kaskazini na kusini, inapoa, inashuka, halafu inarudi chinichini mpaka ikweta. Inazunguka hivyo bila kukoma. Lakini dunia nayo inazunguka, ndiyo maana upepo huo hauji moja kwa moja. Unapinda, ukatufikia kutoka upande wa mashariki."

"Na huu wetu unaotujaza mchanga machoni, Mwalimu?" aliuliza Nyakim, rafiki yangu tunayekaa naye dawati moja. Darasa likacheka.

"Huo unapita kati ya milima ya Ethiopia na milima ya Kenya. Njia ni nyembamba, kwa hiyo unaongeza kasi, kama maji unapobana mdomo wa mpira." Mwalimu akajikuna kichwa. "Vitabu vinasema unatoka kusini-mashariki, upande wa Lodwar. Lakini daftari la Akuol linasema ni upepo wa kaskazini-magharibi, upande wa mji wa Loki, siku thelathini na nane kati ya arobaini. Akuol ameangalia kwa macho yake, nami namwamini. Labda kuna kilima kinachougeuza. Kumbukeni tu kwamba upepo hupewa jina la mahali unakotoka."

Unakotoka! Kalamu ilinianguka.

Mimi ni Mdinka. Kiswahili changu nilikiokota kwenye foleni ya maji na pale stendi, ambapo makanga hupaza sauti, "Gari la Lodwar! Gari la Lodwar!" Na kila mtu anajua gari la Lodwar ni lile linalokwenda Lodwar. Basi nilipoona kitambaa kikipeperuka kuelekea Loki, niliandika bila wasiwasi: upepo wa kaskazini-magharibi. Siku arobaini nzima nimeuandika upepo kinyumenyume!

Tulipotoka nje niliona mistari ya chokaa. Mafundi walikuwa wameshapima jiko upande wa Lodwar, wakiamini moshi utakwenda nje ya shule. Kumbe ungeingia moja kwa moja kwenye madirisha ya darasa la tatu.

Nilimwambia Nyakim. Akanivuta pembeni.

"Nyamaza wewe! Gari linakuja kesho saa nne. Kibali chako cha kutoka kambini kimeshapigwa muhuri. Ukisema, Lodwar utaisikia kwenye redio tu."

Nilizaliwa kambini, na tangu nizaliwe sikuwa nimewahi kutoka Kakuma. Nilitaka kwenda Lodwar, jamani, nilitaka sana. Mama alikuwa ameifua sare yangu mara mbili.

Jioni hiyo kuni zilikuwa mbichi. Mama alipiga chafya, Kon akaanza kukohoa, kifua kikapiga mluzi.

"Kon, ondoka upande wa moshi," Mama alisema. "Akuol, mpe maji mwenzako."

Kon alihamia upande wa pili, pumzi yake ikatulia polepole. Alipokwisha kunywa maji, akanitazama.

"Dada, utaniletea nini kutoka Lodwar?"

Nilichukua kikombe chake, nikaenda kukisuuza. Niliona aibu hata kumtazama.

Ijumaa asubuhi nilikwenda shule mbio. Mafundi walikuwa wameshaanza kuchimba.

"Simameni! Tafadhali, msichimbe hapo!"

"Mtoto huyu ana nini leo?" fundi mmoja aliuliza.

Mwalimu Kipngeno akaja. Nilimweleza yote kwa pumzi moja, gari la Lodwar, kitambaa, Loki, huku machozi yakinitoka. Aliokota nyasi kavu, akaziwasha ndani ya mtaro. Moshi ulipanda kidogo tu, ukainama, ukaingia dirishani.

"Mwalimu, moshi! Moshi!" walipiga kelele watoto wa darasa la tatu. Kon alitoka nje ameziba pua kwa shati.

Mwalimu alizima moto ule haraka kwa kiatu. Mpishi wetu, mama wa Kiturkana aliyekuwa akisugua sufuria, alicheka, akamsalimu kwa lugha yake.

"Ejok, Mwalimu! Si mngeniuliza mimi? Mimi napika hapa miaka minane. Upepo inatoka Lodwar kila siku."

Mwalimu akavua kofia, naye akacheka mpaka akafuta macho.

"Kosa ni letu sote, Akuol," alisema. "Mimi ndiye niliyekupa daftari bila kukueleza neno lenyewe, tena sikumwuliza mpishi. Lakini daftari halijaharibika. Ulichokiona ni kweli, jina tu ndilo lililogeuka. Andika juu ya kila ukurasa, 'Upepo unakoelekea.'"

"Na Lodwar, Mwalimu?"

"Nani mwingine atakayewaeleza? Utawaambia yote, pamoja na hilo kosa."

Nilifuta machozi kwa mkono wa sare. Mistari ya chokaa ilifutwa, mingine ikachorwa upande wa Loki.

Paredi ilipokusanyika, Mwalimu alisimama mbele ya shule nzima.

"Anayefanya kazi atakosea siku moja," alisema. "Akuol aliliona kosa lake wakati hakuna mwingine aliyeliona, akalisema akijua huenda likamnyima safari. Angenyamaza, yeye angesifiwa Lodwar, na watoto wa darasa la tatu wangekohoa kila siku. Ukijua umekosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajaumia."

Saa nne tulikuwa stendi. "Gari la Lodwar! Gari la Lodwar!" makanga aliita. Kon, aliyekuja na Mama kuniaga, alinivuta mkono.

"Dada, hili linatoka Lodwar au linakwenda?"

"Linakwenda!" nilimjibu, tukacheka sote watatu.

Nilikaa dirishani na daftari langu mapajani. Gari lilipoondoka, upepo wa Lodwar ulinipiga usoni na mchanga wake wote, nami sikufunga dirisha.