Mvua ya Mwezi wa Nane

Saa nne asubuhi mvua ilianza kunyesha ndani ya Mahakama Kuu ya Dodoma, na watu wakashusha pumzi kwa raha. Haikumlowesha mtu. Ilikuwa mvua ya mwanga tu, ikimiminwa kutoka darini na Kisimulizi, mtambo uliokuwa ukiyarudisha matukio yaliyopita na kuyasimamisha katikati ya ukumbi kana kwamba yanatokea sasa hivi. Nje jua lilikuwa linachoma lami. Nusu ya waliojaa kwenye mabenchi, tuseme ukweli, kesi haikuwahusu ndewe wala sikio. Walikuja kuona mvua.

Kazi ya Kisimulizi haikuwa ngumu kueleza. Polisi waliulisha mtambo kila kilichobaki baada ya tukio: picha za kamera za mtaani, nyendo za simu, kumbukumbu za milango inayojifungua yenyewe, maneno ya mashahidi. Mtambo uliunga vipande hivyo vikawa filamu moja, yenye watu wa kimo chao halisi. Palipokuwa na pengo, pasipokuwa na kamera wala shahidi, uliziba wenyewe kwa kukisia. Kisha sauti ya mwanamume, nzito, yenye mkwaruzo kidogo, ikasimulia. Majaji waliipenda sauti ile kupita kiasi, na aliyeipenda zaidi yao ni Mhandisi Kokugonza Rweyongeza, aliyeuunda mtambo huo na ambaye siku za kesi aliketi ndani ya kibanda cha vioo kuuongoza. Ilikuwa sauti ya marehemu baba yake.

Siku hiyo mshtakiwa alikuwa Perpetua Ndahani, fundi cherehani wa Chang'ombe. Mumewe, Lameck, alikuwa amekufa mwezi wa nane wa mwaka uliotangulia, baada ya kuanguka kutoka juu ya ghorofa walimopanga. Perpetua alisema mumewe alipanda kuangalia tangi la maji, yeye akabaki ngazini amemshikia vifaa, akasikia kishindo. Juu ya paa hapakuwa na kamera. Pengo lilikuwa hapo, na katika pengo hilo kulikuwa na kifungo cha maisha.

Paa likatokea ukumbini. Mvua ikalichapa. Taa ikapenya kati ya mbao za uzio na kuuchora uso wa Perpetua mistari, mweusi, mweupe, mweusi. Akawasha sigara.

"Mtazameni huyu mama," sauti ikasema taratibu. "Uso nusu mwanga, nusu giza. Mwanamume akishapenda uso wa namna hii, jamani, kaburi kajichimbia mwenyewe."

Mikono miwili ikanyooka. Lameck akaenda chini. Ukumbi mzima ukaguna.

"Mvua ipi?" Perpetua alikuwa amesimama kizimbani, kanga imemteleza begani. "Mwezi wa nane, Mheshimiwa! Dodoma hii hii! Mvua ipi? Na hiyo sigara nimevuta mimi? Mimi mlokole!"

Watu wakacheka. Jaji Mbeleje, mama mwenye subira, akangoja kicheko kiishe.

"Keti, mama. Hali ya hewa ni mapambo. Mahakama inaangalia kitendo."

"Haya, mvua wametunga. Na hii mikono yangu je? Hawakuitunga?"

Jaji aliahirisha shauri hadi kesho yake, siku ya mawakili kutoa maneno ya mwisho, na watu wakatoka wakijipepea, wakiulizana kama kesi ya kesho nayo ina mvua.

Koku, kama walivyomwita wote, alibaki kibandani. Mvua ile alikuwa ameiona katika kesi nyingi mno, akaizoea kama mtu anavyozoea ufa wa ukutani kwake. Hakuwahi kuuliza imetoka wapi. Mshtakiwa ndiye aliyeuliza, tena huku watu wakimcheka! Alijisikia vibaya, na alistahili.

Alikwenda moja kwa moja hadi Taasisi, ofisi iliyoumiliki mtambo, akafungua chumba cha mtambo, akavuta kumbukumbu za kesi zilizopita. Hakuweza kukaa, alizitazama huku akizunguka chumba. Mshtakiwa akiwa mwanamume, jua liliwaka kama kawaida. Akiwa mwanamke, na pakiwa na pengo, ilinyesha. Kila mara. Na wanawake wale sasa walikuwa gerezani.

"Kwa nini umeweka mvua?" aliuliza.

"Kwa sababu kosa lilikuwa limekaribia," mtambo ukajibu kwa sauti ya baba.

"Nani kakwambia kamsukuma?"

"Mwanga ulimkata uso nusu."

"Mwanga si umeuweka wewe!"

"Mwanga ndivyo unavyokaa, mwanangu. Ni mwanamke, na mumewe kafa."

Lile neno mwanangu lilimkata maini. Alijua sasa.

Zamani, huko Bukoba, baba yake alikuwa na banda la video. Filamu zilikuja kwa lugha za watu, na wateja hawakuelewa kitu, kwa hiyo Mzee Rweyongeza alishika kipaza sauti na kuzisimulia kwa Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho, mvua ya Bukoba ikipiga bati juu yao. Alizipenda kuliko zote zile kuukuu, nyeusi na nyeupe, alizoziita filamu za kivuli. Baadhi ya waliozitengeneza walikuwa wameukimbia udikteta wa Ujerumani, wakafika Amerika na hofu yao mkononi, wakaimwaga kwenye picha: jiji la usiku, barabara inayong'aa maji, mpelelezi mwenye kofia asiyemwamini mtu, mwanamume anayesimulia mwenyewe jinsi alivyopotea. Na karibu kila mara, mwanamke mzuri mlangoni, mwenye bunduki ndogo ndani ya mkoba.

Watu wa banda hawakuwa na muda wa mafumbo. Filamu ikianza tu walipiga kelele: "Adui nani? Tuambie adui!" Kwa hiyo baba akajenga mazoea. Mwanamke akitokeza kivulini, kabla hajafungua mdomo, mzee alishasema: "Huyo hapo! Msimwamini!" Banda zima likalipuka kwa shangwe. Ulikuwa mchezo, na kila mtu pale alijua ni mchezo.

Koku alipokuwa akikifunza Kisimulizi, alitafuta hadithi nyingi za uhalifu zilizosimuliwa kwa Kiswahili, pamoja na picha zake. Palikuwa na sanduku la baba, limejaa kanda za filamu alizozisimulia. Alilimimina lote mtamboni, akilia na kucheka, kwa sababu mzee alikuwa ametoka kufariki na hapo alikuwa anazungumza tena. Alifanya kwa mapenzi, na kazi ya mapenzi nani ataikagua?

Mtambo haukujua kwamba lile banda lilikuwa linacheza.

Daktari Shemhina, mkuu wa Taasisi, alimsikiliza huku akifuta miwani yake tena na tena. Alikuwa rafiki wa mzee tangu Koku akiwa shuleni, na Koku alimwita mjomba.

"Ukilisema hili mahakamani," alisema, "kesi zote zitafunguliwa upya."

"Zifunguliwe."

"Taasisi itafungwa, Koku. Na huwezi kuitoa ile mvua ukaiacha sauti. Vimeshonwa pamoja. Utamfuta baba yako kwa mkono wako."

"Mjomba, kuna mama pale anakwenda kufia ndani kwa ajili ya wateja wa banda la video!"

"Wewe uliyeandika jina la baba yako kwenye mtambo, hutaweza." Alisema kwa upole, na ndiyo maana liliuma. "Mimi sitakuzuia. Lakini usinitaje."

Kesho yake Koku aliomba ruhusa ya kusema. Jaji Mbeleje alimsikiliza hadi mwisho, akakunja uso.

"Mhandisi, unachosema ni kizito. Unaweza kukithibitisha?"

"Naomba mtambo uoneshe tukio ninalolijua mwenyewe, Mheshimiwa. Kifo cha baba yangu. Alifia nyumbani kwangu, hapa hapa Dodoma, mwezi wa saba, na mimi nilikuwepo. Nimeulisha kila kitu isipokuwa kile kilichotokea chumbani. Pengo ni hilo tu."

Chumba kikatokea: kitanda, meza, kikombe. Na dirishani, mvua. Pazia lilikuwa limefungwa nusu, likimchora Koku mistari usoni. Koku wa mwanga aliwapa mgongo watazamaji, akakoroga uji, na kutoka kwenye kiganja chake kitu cheupe kikaingia kikombeni.

"Mtazameni huyu binti," baba yake akasema. Ilikuwa sauti yake kabisa, na ule mkwaruzo wake, na ule utani uliojificha nyuma. "Kalelewa kwa mapenzi, jamani, kumbe nyoka. Huyo hapo! Msimwamini! Mzee, usinywe!"

Mzee akanywa. Akakohoa. Mkono ukaanguka pembeni ya kitanda.

Koku alikuwa amejiandaa kwa hili na halikumsaidia kitu. Alishika kioo cha kibanda.

"Ni moyo, Mheshimiwa. Alikuwa mgonjwa wa moyo. Nilimpa uji tu."

"Nani mwingine alikuwepo?" jaji akauliza. "Ninachokiona hapa ni wewe na yeye."

Koku alifungua mdomo. Alikuwa ameambiwa asimtaje. Akaufunga tena. Mabenchi yalianza kunong'ona, na mnong'ono ukapanda. Hapo mtu mmoja akasimama nyuma, akivua miwani.

"Mimi," alisema Daktari Shemhina. "Simu niliiacha garini, kwa hiyo kwa mtambo sikuwepo. Lakini nilikaa kitandani kwake. Nilimshika mkono. Aliomba pazia lifunguliwe lote, aone jua, na binti yake akalifungua. Uji ulibaki, nikaumalizia mimi." Akaifuta miwani. "Hapakuwa na mvua, Mheshimiwa. Hapajawahi kuwa na mvua."

Jaji Mbeleje aliikataa filamu ya Kisimulizi, na kwa kuwa upande wa mashtaka haukuwa na ushahidi mwingine, akamwachia huru Perpetua Ndahani, na kuagiza kesi zote zilizoamuliwa kwa mtambo ule zipitiwe upya.

Perpetua alimkuta Koku mlangoni. Hakumkumbatia. Alimtazama muda mrefu, kama anayepima kitambaa.

"Ahsante, dada. Na pole." Akajitanda kanga vizuri. "Nimeshinda, eti. Lakini mtaa mzima umeshaniona nikimsukuma."

Akaenda zake. Koku akapita katikati ya watu. Mama mmoja alimvuta mwanawe karibu, na nyuma yake mtu akasema, bila hata kujali kusikika, "Lisemwalo lipo."

Alasiri ile aliufuta mtambo. Hakusikiliza chochote kwa mara ya mwisho, aliogopa kitakachosemwa. Kisha akatoka nje ya Taasisi, jua likampiga usoni, kali, zuri, jua la Dodoma la mwezi wa nane, na akasimama pale akijaribu kumkumbuka baba yake. Kitanda. Kikombe. Mjomba Shemhina akicheka kitu. Mkono wake mwenyewe ukilifungua pazia.

Pazia likawa nusu. Nyuma yake kulikuwa kunanyesha.

Akafumba macho, akaanza upya. Kitanda, kikombe, pazia. Mvua haikukatika. Alikitazama kiganja chake cha kulia, akakikunjua, kilikuwa kitupu, akaendelea kukitazama.