Tuda na Nailoni ya Sikukuu

Kila asubuhi Aqqa hupimiwa maji yake. Mama yake, Itto, humimina maji ya glasi nne ndogo za chai ndani ya chupa. Hayo ndiyo maji ya kutwa, na kiu haijui hesabu. Figo za Aqqa zimekufa. Mara tatu kwa wiki huenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Ana miaka ishirini na sita.

Zamani alikuwa mkimbiaji. Hapa Azrou, mji wetu wa milimani Morocco, watu walitoka madukani kumtazama akipita. Siku moja akaanguka njiani. Mtaa ukasema ni jicho la husuda. Itto akakumbuka kwamba jirani yao, muuguzi Bi Rabha, alikuwa ameisifu miguu ya mwanawe. Tangu siku hiyo hakumsalimia tena. Miaka mitatu, mlango kwa mlango.

Sasa anayekimbia ni Tuda, mdogo wake Aqqa. Sikukuu ya Kuchinja ilipofika, alipumzika siku kumi na tano. Alikula maini, akala kichwa, akala mbavu. Wenzake wakamtania.

"Tuda, kondoo mlimchinja au ulimmeza mzima?"

Alicheka, lakini roho ilimuuma. Mchujo wa kambi ya wakimbiaji ya Ifrane ulikuwa siku tisa mbele. Angechukuliwa msichana mmoja tu. Akikosa, angebaki nyumbani kufuma mazulia.

Siku iliyofuata, jua likiwa kali, alijifunga nailoni tumboni na mapajani. Juu yake akavaa koti. Wakimbiaji wa kwetu hufanya hivyo baada ya sikukuu. Wanasema wanamtoa kondoo kwa jasho. Ni ujinga mtupu, na umeota mizizi.

Aqqa alikuwa amekaa mlangoni. Akasikia nailoni ikichakarika.

"Vua."

"Kaka, niache. Nimenenepa, na siku zenyewe ni nane tu."

"Vua, Tuda! Mimi sikuangushwa na jicho. Nilivaa hiyo hiyo."

Itto alitoka jikoni, mikono imejaa unga. "Unasema nini, mwanangu?"

"Niliivaa, Mama. Sikukuu ilikuwa imepita tu, nikataka kukimbia kilomita ishirini kama zamani. Nilipoanguka nikaitupa bondeni. Niliona aibu. Nikawaacha mumlaumu Bi Rabha."

Itto alivuka kichochoro, akagonga mlango ambao hakuwa ameugonga kwa miaka mitatu.

"Rabha, nimekudhulumu. Nisamehe. Na huyu mwingine naye amejifunga nailoni."

"Ya kusameheana baadaye," alisema Bi Rabha. "Twende tukamvue."

Walimvua, wakamkalisha kivulini, wakampa maji. Bi Rabha akamwambia, "Jasho ni maji, binti yangu, si mafuta. Ukinywa, uzito unarudi. Nailoni inakufungia joto mwilini, basi."

"Lakini nimekuwa mzito, Bi Rabha. Ngazi tu zinanitoa pumzi."

"Ndiyo, umepumzika. Pumzi hupungua, mwili husahau joto. Vyote vitarudi. Ukivilazimisha kwa siku moja, misuli inaharibika ndani, na uchafu wake unaua figo. Mkojo unatoka rangi ya kahawa. Ukiuona hivyo, hospitali saa hiyo hiyo."

"Mimi niliuona," alisema Aqqa. "Nikaficha siku mbili."

Mama yake akajifunika uso kwa mikono ile ile yenye unga.

"Sasa nifanyeje?" Tuda aliuliza.

"Anza na nusu ya ulichozoea, alfajiri, kabla ya joto. Kimbia kwa mwendo wa kuweza kupiga soga. Leo kimbia, kesho pumzika. Wiki ya kwanza usiguse kasi, kisha ongeza kidogo kidogo. Ukichechemea, acha. Ukisikia kizunguzungu, ingia kivulini, ujimwagie maji, uite mtu."

"Na mchujo?"

Bi Rabha hakumdanganya. "Huenda ukaukosa."

Aliukosa kweli. Alichukuliwa msichana mwingine. Tuda alilia, kisha akakaa kufuma na mama yake. Lakini kila alipopaswa kukimbia aliamka kabla ya jua. Alianza na kilomita nne, akaja sita. Baada ya miezi mitatu alikuwa amerudi pale alipoachia, na zaidi kidogo. Kambi ilipofanya mchujo mwingine wakati wa baridi, jina lake likasomwa.

Figo za Aqqa hazikurudi, na hazitarudi.

Asubuhi ya kuondoka kwenda kambini, Tuda alikimbia mara ya mwisho katika barabara ya nyumbani. Aqqa alimngoja mwishoni, chupa yake ya maji ya kutwa mkononi. Midomo yake ilikuwa imekauka. Alimpa chupa bila kuipeleka kinywani mwake.

"Kunywa," alisema. "Kunywa na yangu."