Rejeta Iliyokunywa Maji

Rafiki yangu Osiako, fundi wa magari huko Malava, alinunua injini ya gari ambalo dereva wake, Griffin, alifia ndani katika ajali. Akaifunga kwenye pikapu yake kuukuu pamoja na rejeta mpya. Kila alipojaza maji, rejeta iliyagugumia yote, na chini pakabaki pakavu.

Mvua ya alasiri ilikuwa imetia gereji giza, naye Osiako akimimina debe la tano, mjane wa Griffin alipoingia na tawi mkononi.

"Fundi, tulienda na tawi hili penye ajali kumwita marehemu, roho yake irudi nyumbani. Hakuitika."

"Mama, hiki ni chuma tu."

Mjane akainamia injini iliyozimwa. "Griffin, twende nyumbani."

Kugugumia kukakoma. Kisha, ndani ya rejeta, mtu akakohoa kidogo, kama anayejiandaa kuitika.